Ugonjwa wa Imamu Ghazali na somo kwa misikiti ya Ukonga

Ndugu msomaji, katika misikiti ya huku kwetu Ukonga, kuanzia Banana hadi Gongo la Mboto, jina la Imamu Abu Hamid Muhammad al-Ghazali (Allah amrehemu) si geni. Masheikh wanalitaja kwenye darsa na kwenye khutba. Kitabu chake Ihyau Ulumid-Din kinajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kukifungua. Na sisi ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, Ghazali ana haki kubwa juu yetu, kwa sababu Minhaj ya Imamu Nawawi, ambayo maulamaa wa mwambao wameisoma na kuisomesha kizazi baada ya kizazi, shina lake linarudi kwenye vitabu vya fiqhi alivyoviandika yeye.

Lakini ipo sehemu moja ya maisha yake ambayo haisimuliwi sana kwenye mimbari. Mwanachuoni huyu, aliyepewa lakabu ya Hujjatul Islam, aliwahi kuugua maradhi ya nafsi mpaka ulimi ukagoma kusema na tumbo likagoma kupokea chakula. Habari hii hatukuipata kwa maadui zake. Ameiandika mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh minad-Dhalal, wala hakuona haya. Nimeona niisimulie leo kwa sababu nawaona Waislamu wenzangu wenye maradhi ya aina hiyo wakifichwa vyumbani, au wakiambiwa kwamba imani yao ni ndogo.

Yatima wa Tus

Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na mwaka 1058 Miladia, katika mji wa Tus, Khurasan, sehemu ambayo leo ni kaskazini mashariki ya Iran. Wanahistoria wanaeleza kuwa baba yake alikuwa mtu masikini aliyesokota sufi na kuiuza. Hakuwa msomi, lakini alipenda kukaa na wasomi na kuwahudumia. Alipohisi kifo kimekaribia, aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja mcha Mungu pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo, akamuusia awasomeshe.

Akiba ile haikudumu. Rafiki yule naye alikuwa fukara, na ilipokwisha aliwashauri watoto wale waingie madrasa ambako wanafunzi walikuwa wakipewa chakula. Kwa hiyo huyu ambaye leo tunamuita Imamu aliingia kwenye elimu akiwa yatima mwenye njaa. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu tuna tabia ya kudhani kwamba wakubwa wa dini yetu hawakuwahi kuguswa na shida tunazozijua sisi.

Alisoma Tus, kisha Jurjan, kisha Nishapur kwa mwanachuoni mkubwa wa zama zile, Imamul Haramayn al-Juwayni, akabaki naye mpaka sheikh huyo alipofariki mwaka 1085. Baada ya hapo alijiunga na majlisi ya Nidhamul Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, ambaye alikuwa akiwakusanya maulamaa na kujenga madrasa. Mwaka 484 Hijria, yaani 1091, waziri huyo alimteua kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad. Ghazali hakuwa ametimiza miaka 35.

Hebu tafakari, ndugu msomaji. Baghdad ilikuwa makao ya Khalifa. Wanafunzi 300 walikaa mbele yake, na wakubwa wa dola walimuomba rai. Kazi nazo zilirundikana. Alisomesha, alitoa fatwa, aliandika kuwajibu Mabatini kwa ombi la Khalifa, na katika saa chache zilizobaki alikuwa akisoma vitabu vya wanafalsafa peke yake, bila mwalimu, ili apate kuwajibu. Mwaka 1092, katika mwezi wa Ramadhani, Nidhamul Mulk aliyemleta Baghdad akauawa. Mlinzi wake aliondoka, naye akabaki na cheo, umaarufu na mzigo.

Miezi sita ya Baghdad

Kabla ya ugonjwa mkubwa, anatueleza kuwa aliwahi kupatwa na shaka iliyomkaa karibu miezi miwili. Hakuweza kuamini alichokiona kwa macho wala alichokifikiri kwa akili. Yeye mwenyewe aliita hali hiyo ugonjwa. Anasema hakuponywa kwa hoja, bali kwa nuru ambayo Allah (s.w.) aliitia kifuani mwake.

Kisha, kuanzia mwezi wa Rajab mwaka 488 Hijria, sawa na Julai 1095, likaja jambo zito zaidi. Alijitazama akaona kuwa nia yake katika kusomesha haikuwa safi, kwamba kilichomsukuma kilikuwa kutafuta cheo na sifa. Akatamani kuacha yote na kuondoka. Asubuhi alikuwa akiazimia kuondoka, jioni azma inavunjika. Akavutwa huku na huku kwa karibu miezi sita. Mwisho ulimi wake ukafungwa. Alijilazimisha asomeshe walau siku moja kuwaridhisha wanafunzi wake, lakini hakuweza kutamka hata neno moja. Huzuni ikamkaa moyoni. Hamu ya chakula ikamtoka, hata mchuzi haukupita kooni na tonge halikumeng'enyeka tumboni. Nguvu zikamwishia.

Watu wakaanza kusema, kama wanavyosema hapa kwetu. Wapo waliodhani anawakwepa watawala. Wengine, anavyosimulia mwenyewe, walisema hakuna sababu isipokuwa jicho baya lililowapata Waislamu na kundi la wenye elimu. Nilipoisoma sehemu hiyo nilishangaa. Zimepita zaidi ya miaka 900, na bado mama akikaa ndani wiki mbili bila kuoga wala kusema na mtu, neno la kwanza la majirani ni husda, na la pili ni jini.

Madaktari walikuja, kwani Baghdad haikuwa mji wa kukosa tiba. Hospitali kubwa ya Adudi ilikuwa imefanya kazi tangu mwaka 982. Walimpima, wakajaribu, kisha wakakiri kwamba hawana dawa ya kumpa. Walichosema, kwa maana yake, ni kwamba jambo hili limeanzia moyoni na kutoka huko limeenea mwilini, na kwamba hakuna njia ya kulitibu mpaka siri ya ndani ipumzishwe na hamu iliyoikalia.

Madaktari wale hawakumwambia kwamba anajisingizia, wala kwamba hana iman. Walijua pale elimu yao ilipokoma, wakalisema wazi. Naye Ghazali alipoona ameishiwa nguvu kabisa, alimkimbilia Allah kwa dua ya mtu aliyekwama, na anasema Mola wake alimjibu kwa kumrahisishia kukiacha kile ambacho moyo ulikuwa umekishikilia.

Hakukimbia kama mwendawazimu

Hatua zake baada ya hapo zina utaratibu ndani yake. Mwezi wa Dhul-Qaada mwaka 488, yaani Novemba 1095, aliondoka Baghdad. Hakuiacha madrasa wazi, bali mdogo wake Ahmad alishika nafasi ya kusomesha. Aligawa mali yake, lakini alibakisha cha kumtosha yeye na cha malezi ya watoto wake. Watu aliwaambia kwamba anakwenda Makka, ili wasimzuie, naye akaelekea Sham.

Dameski alikaa karibu miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti wa Bani Umayya na kujifungia humo mchana kutwa, katika ibada na kimya. Alikwenda Baytul Maqdis, akazuru kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.) huko Khalil, kisha akahiji na kumzuru Mtume (s.a.w.) Madina. Baada ya hapo haja ya watoto wake ilimvuta, akarudi nyumbani. Kwa miaka ipatayo kumi hakushika tena cheo cha kusomesha hadharani. Katika kipindi hicho ndipo alipoandika Ihya, yenye vitabu 40 ndani yake.

Mwaka 499 Hijria, sawa na 1106, alikubali kurudi kusomesha, safari hii Nishapur. Huko ndiko alikoandika habari za ugonjwa wake. Baadaye alirejea Tus, akaweka jirani na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na mahali pa Masufi, akagawa saa zake baina ya Qur'an, kukaa na watu wa nyoyo na kusomesha. Alifariki tarehe 14 Jumadal Akhira mwaka 505 Hijria, yaani 18 Desemba 1111, akiwa na miaka 53 hivi.

Wapo watakaosema kuwa ugonjwa ule ulikuwa wa kiroho, hauna uhusiano na wagonjwa wetu wa hospitali. Mimi si daktari, na sithubutu kumwandikia Imamu jina la ugonjwa baada ya karne tisa. Ninachosema ni kwamba dalili alizozitaja, yaani huzuni isiyoondoka, kukosa hamu ya kula, kushindwa kusema, kushindwa kazi aliyoizoea na kukata tamaa, ni dalili ambazo tunaziona kwenye nyumba zetu. Mwenye dalili hizo leo anastahili angalau adabu aliyopewa yeye.

Mtaani kwetu

Sisi watu wa Ukonga tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka katika ghala za kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto. Watu zaidi ya 20 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na maelfu wakakimbia usiku ule bila kujua wanakwenda wapi. Wengi walihifadhiwa Uwanja wa Uhuru. Watoto walipotezana na wazazi wao. Nyumba zilizobomoka zilihesabiwa. Waliobaki na hofu kifuani hakuna aliyewahesabu. Mpaka miaka mingi baadaye nimekaa na watu wazima ambao radi ikipiga wanatoka mbio nje, kisha wanaona aibu.

Wapo pia wasiohusika na mabomu. Kijana aliyemaliza chuo, ajira hakuna, amejifungia. Mama aliyejifungua, analia bila sababu anayoijua, hataki kumshika mtoto. Mjane aliyemo edani ambaye haruhusiwi kulia sana kwa sababu anaambiwa si subira. Hawa wanapelekwa wapi? Wengi huanzia kwa mganga, wakimaliza fedha wanakuja kwa sheikh kusomewa, wakizidiwa kabisa ndipo wanapelekwa hospitali. Jina la Mirembe, hospitali iliyojengwa Dodoma tangu mwaka 1927 kutibu wagonjwa wa akili, tumeligeuza kuwa neno la kuchekeana vijiweni. Nani atakubali kuonekana anakwenda huko?

Sisemi kisomo kiachwe. Qur'an ni ponyo kwa waumini, hilo halina mjadala. Lakini Ghazali huyu huyu, katika kitabu cha Ihya kinachohusu kuizoeza nafsi, anatoa mfano ambao kila anayewashughulikia watu angeujua. Anaeleza kuwa tabibu akiwatibu wagonjwa wote kwa dawa moja atawaua wengi wao. Na sheikh akiwapa watu wote zoezi moja ataziangamiza nyoyo zao. Ni lazima kwanza ajue maradhi, hali ya mgonjwa, umri wake na kile anachokiweza.

Chukua mfano wa mtu mwenye waswasi wa udhu, anayetawadha mara kumi na bado haamini kuwa ametwaharika. Sheikh asiyejua atamwambia azidishe uangalifu, na ugonjwa utazidi. Mshauri asiyeijua dini atamwambia apumzike na swala, na mgonjwa atatoka pale akiwa amejeruhiwa zaidi, hatarudi tena. Anahitajika mtu anayejua kuwa fiqhi yenyewe inamtaka mwenye waswasi aupuuze, na anayejua pia namna ya kumsaidia hatua kwa hatua mpaka aweze.

Chukua na Ramadhani. Wapo wagonjwa wanaoacha dawa zao mwezi mzima kwa kuogopa kufungua, na zipo dawa za maradhi haya ambazo kiwango chake mwilini hubadilika kwa hatari mtu asipokunywa maji. Huyu anahitaji daktari na sheikh wazungumze pamoja, mmoja aeleze madhara, mwingine aeleze ruhusa ya mgonjwa. Na yule anayewaza kujiua hathubutu kumwambia mtu, kwa kuwa anajua ni haramu na anaogopa kuhukumiwa. Akikutana na anayemkemea, atanyamaza. Akikutana na anayemsikiliza, inawezekana akaishi.

Fardhi iliyolala

Mwenye kudhani kuwa ushauri nasaha ni jambo la kuigwa kwa Wazungu ajue kuwa kabla ya Ghazali, mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Alitofautisha humo huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, inayoanzia mwilini, na akaeleza kuwa nafsi nayo ina tiba kama mwili. Neno ushauri nasaha wengi wetu tulilizoea wakati wa kampeni za Ukimwi, lakini kazi yenyewe ilikuwemo nyumbani kwetu.

Ghazali anakwenda mbali zaidi. Katika kitabu cha kwanza cha Ihya, kile cha elimu, anahesabu utabibu kuwa ni fardhi kifaya, yaani wasipopatikana wa kuutekeleza, mji mzima unapata dhambi. Kisha analalamika kwamba ipo miji ambayo haina tabibu Muislamu hata mmoja, na wakati huo huo watu wanasongamana kwenye fiqhi ya mabishano kwa sababu ndiyo inayoleta vyeo. Na katika kitabu cha kutawakali anaeleza kuwa kutumia dawa hakupingani na kumtegemea Allah. Huyu ndiye Ghazali tunayemtaja kwenye khutba. Je, tunamfuata au tunajipamba kwa jina lake?

Kwa hiyo nina maombi kwa maimamu na kamati za misikiti ya Ukonga. Kila msikiti mkubwa uchague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye siri na subira, wapelekwe kufundishwa kusikiliza na kuzitambua dalili za hatari. Mwanamke ni lazima awepo, kwa sababu mama aliyejifungua hatamweleza imamu yaliyomo moyoni mwake. Wawili hao wajuane na wataalamu wa idara ya magonjwa ya akili ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, ili mgonjwa akipelekwa apokewe na mtu anayejua alikotoka. Sehemu ya sadaka ya Ijumaa itengwe kwa nauli na dawa za asiye na uwezo. Na wanaosoma ruqya wakubaliane mambo matatu: hapana kupiga wala kufunga mtu kamba, hapana kumwachisha mgonjwa dawa za daktari, na hapana kumtoza fedha aliyefikwa na msiba.

Najua dereva wa bodaboda au mama anayeuza vitumbua hawezi kuacha kila kitu na kwenda kukaa mnarani miaka miwili. Ghazali aliweza kwa sababu alikuwa na mdogo wake wa kushika kazi na akiba ya watoto. Wengi wetu hatuna. Ndiyo maana mapumziko yale ya moyo ambayo madaktari wa Baghdad waliyataja ni lazima yaletwe karibu na mgonjwa, mtaani kwake, na jamaa ya msikiti wake.

Lau wale waliokuwa karibu na Ghazali mwaka 1095 wangemfunga kamba, au wangemlazimisha apande kwenye kiti cha darsa, huenda Ihya isingeandikwa. Hatujui katika hao tuliowafungia vyumbani hapa Ukonga ni nani mwenye kheri ambayo umma unaisubiri.

Tumuombe Allah (s.w.) amrehemu Imamu Ghazali, awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, na atupe moyo wa kuitekeleza fardhi hii kabla hatujaulizwa juu yake. Wallahu a'lam.